Taya la Mheshimiwa Mwenyekiti

Bodi ya Kuwatambua Madaktari Waliosomea Nje, ambayo mimi ni Katibu wake mwaka wa kumi na saba sasa, ina fahari kuutangazia umma kwamba foleni ya waombaji imekwisha. Maneno ya mitaani kwamba ilikwisha kwa ajali ni uzushi mtupu. Kila kitu kilikwenda kwa mujibu wa kanuni, na kumbukumbu ninazo.

Kanuni zetu ni nyepesi. Daktari aliyesomea nje hupewa leseni akiwa amekwisha kutibu wagonjwa wa hapa. Kutibu wagonjwa wa hapa kunahitaji leseni. Asiyeelewa hapo hajaiva. Aidha, ombi ambalo Mwenyekiti hakulikataa kwa sauti yake mwenyewe ndani ya siku thelathini huhesabiwa limekubaliwa. Kifungu hicho kiliwekwa kwa heshima tu, maana Mwenyekiti wetu hana kigugumizi. Kila Jumatatu alisomewa majina, naye akasema "hapana" mpaka chai ilipoletwa.

Jumatatu moja ikawa zamu ya mama mmoja, daktari wa mifupa. Huko alikotoka aliunga mifupa ya watu miaka kumi na miwili. Hapa alikuwa akipiga deki korido za hospitali ile ile aliyoiomba kazi. Mwaka jana nilimwandikia barua kali ya onyo kwa kosa la kumfunga bandeji mpishi wetu aliyejikata kidole. Hili lilikuwa ombi lake la mwisho: akikataliwa, kibali chake cha kuishi kinafutwa, yeye na wanawe wawili wafungashe virago. Alikaa amekumbatia mkoba, na nakiri nilimhurumia, kwa muda usiozidi dakika moja.

Alipoanza kujieleza, Mwenyekiti akapiga mwayo. Ulikuwa mwayo wa cheo chake, mpana, usio na haraka. Tukasikia "ko", na mdomo haukurudi.

Wajumbe walidhani anatafakari. Mate yalipoanza kudondokea mafaili, mjumbe mmoja alipendekeza iundwe kamati ndogo.

"Taya limeteguka," akasema yule mama. "Ni kazi ya dakika moja."

"Basi fanya, dada yangu," nikamwambia.

Akafungua mkoba, akatoa barua yangu ya onyo, akanisomea polepole: haruhusiwi kumgusa mgonjwa yeyote, hata kwa nia njema.

"Sahihi hii si yako, Katibu? Mimi sheria siivunji. Nina watoto."

Tukapiga simu hospitali. Wakajibu kwamba daktari wao wa mifupa alistaafu miaka mitatu iliyopita, na wanaisubiri Bodi yetu iwapatie mwingine. Mwenyekiti alisikia, macho yakamtoka pima. Hakungoja hoja iungwe mkono. Alininyang'anya muhuri, akaugonga mara tatu kwenye fomu ya yule mama, akatia sahihi mpaka karatasi ikatoboka.

Daktari, maana sasa alikuwa Daktari, akajizungushia kitambaa kwenye vidole gumba, akaviingiza kinywani mwa Mheshimiwa, akakandamiza chini, akasukuma nyuma. Mdomo ukafumba. Akamzungushia bandeji kutoka kidevuni mpaka utosini, akapiga fundo juu, kisha akaandika cheti cha kwanza cha leseni yake: wiki sita bila kusema neno.

Wiki hizo sita hakukataliwa mtu. Waombaji arobaini na mmoja walikubaliwa, kwa mujibu wa kifungu. Sasa hospitali ina daktari kila chumba, ila imekosa wa kupiga deki.

Siku ya kufunguliwa bandeji nilimsindikiza Mwenyekiti, ameshika karatasi ndefu ya majina ya kuyakataa. Daktari alimpapasa taya kwa upole mkubwa, akanivuta pembeni, akaniuliza kama kuna waombaji wapya. Nikamwambia wapo tisa, wameleta fomu jana.

Akarudi kwa mgonjwa wake.

"Pole, mzee wangu. Bado kidogo. Tuongeze siku thelathini."

Fundo nilikaza mimi mwenyewe.