Kiuno cha Sentimita Sabini na Nane

Jumatatu, 6 Juni

Tangazo mlangoni kwa Papa Katembo, fundi wa nguo aliyetoka Butembo! Anatafuta mwanamume wa kuonyesha suti zake mpya; kila mshindani atazitembeza mbele ya watu Jumapili baada ya misa. Atakayechaguliwa, picha yake itatundikwa juu ya duka na suti itabaki yake. Masharti: umri kumi na minane hadi ishirini na mitano, kiuno sabini na nane. Mimi umri thelathini na tisa, kiuno mia moja na nne. Mambo madogo. Sura ninayo! Suti yangu ya ndoa haifungiki tena. Naitaka hii mpya kuliko mbingu, Mungu anisamehe.

Jumanne, 7 Juni

Nimejiandikisha. Umri: ishirini na mitatu. Nikaweka sahihi kubwa. Guy naye yumo, yule kijana anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Hana tumbo hata la kuazima. Mchana nimekataa bugali na maharagwe. Saa nane nikaonja jibini, kidogo tu. Saa tisa mke wangu Hélène akauliza nani kamaliza jibini nzima. Nikasema panya. Akasema panya huyo anavaa viatu namba arobaini na tatu.

Alhamisi, 9 Juni

Wazo! Hélène bado ana kitambaa kirefu alichojifunga tumbo baada ya kuzaa. Nimejizungushia mara saba. Tisini na moja! Kupumua ni shida, lakini nani alisema warembo wanapumua? Hélène akanikuta, akacheka mpaka akakaa chini. Akauliza mtoto ni wa kike ao wa kiume. Nikamwonyesha mlango kwa kidole. Hewa haikutosha.

Ijumaa, 10 Juni

Tatizo. Hapa kwetu mtu huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na Masisi nzima inaniita Papa Shekinah. Shekinah ana miaka kumi na saba! Nimezunguka soko nikiomba waniite "petit", kama kijana. Léontine muuza mihogo kakubali, huku anacheka. Guy nikampa kipande cha jibini. Akakipokea kwa mikono miwili: "Aksanti sana, Papa Shekinah." Adabu ya mtoto huyu itaniua.

Jumapili, 12 Juni

Aibu! Nilitembea vizuri hatua nane. Ya tisa, kitambaa kikalegea, ncha ikatoka chini ya koti. Guy akanikimbilia kwa heshima zake zote: "Papa Shekinah! Kitambala ya Mama Shekinah iko naanguka!" Kwaya nzima ikasikia. Tumbo likarudi mahali pake, vifungo viwili vikaruka. Guy kachaguliwa. Nimelia nyuma ya kanisa, nasema kweli.

Jumatatu, 13 Juni

Papa Katembo kaniita. Nilidhani ni habari ya vifungo. Kumbe wazee wa parokia wamelalamika: suti ya Guy itawaenea wapi? Sasa anatafuta mwanamume wa pili, umri thelathini na mitano hadi arobaini na mitano, kiuno mia moja na zaidi. Akasema nije Jumapili vile nilivyo, nisiongeze kitu. Nikamkumbatia.

Lakini jirani yangu Mbonigaba naye ana tumbo, na nimemwona akisoma tangazo. Siwezi kubahatisha. Nimeandika umri hamsini na mitano, maana mzee huheshimiwa. Ndevu nimezipaka majivu. Mto wa kitandani unaingia vizuri chini ya shati. Mia moja thelathini na mbili! Mbonigaba atajuta.