Kupitia kwa Mkurugenzi

Mamlaka ya Maji ilitangaza, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba kurasa za tovuti yake sasa zimefundishwa adabu. Mkurugenzi alilisoma tangazo hilo mwenyewe, tai mpya shingoni.

Hali ya awali ilikuwa imemuuma kweli. Ukurasa wa "Bomba Limepasuka" ulikuwa na kiungo kilichokwenda moja kwa moja kwenye namba ya fundi wa zamu. Mtu anabofya mara moja tu, fundi huyo! Wakubwa wote wamerukwa.

"Barua hupitia kwa mkuu wa kitengo, kisha mkuu wa idara, kisha kwangu," alimwambia mtunza tovuti. "Kurasa zina nini hata zijipeleke zenyewe?"

"Na kutoka kwako, mzee, kiungo kiende wapi?"

"Kutoka kwangu? Umewahi kuona mkubwa akihangaika kumtafutia mtu fundi?"

Basi viungo vyote vikapandishwa ngazi, vikaishia kwenye Salamu za Mkurugenzi, chini ya picha yake akitabasamu. Wiki nzima haikuripotiwa hitilafu hata moja. Mamlaka ikajipongeza.

Jumamosi, wazazi wa mchumba wa binti wa Mkurugenzi wakiwa njiani kuja kujitambulisha, bomba la jikoni likapasuka. Mkurugenzi akaliziba kwa viganja. Maji yalikuwa yameshaanza kunyemelea zulia la sebuleni, na aibu ikiyafuata nyuma.

"Mama watoto, ingia kwenye tovuti! Bofya 'Bomba Limepasuka'!"

"Nimebofya. Kaja mkuu wa kitengo."

"Endelea!"

"Mkuu wa idara... Haya, sasa umetokea wewe."

"Bofya tena!"

"Nabofya, baba. Unacheka tu."

Akapigiwa mtunza tovuti, simu ikashikiliwa sikioni mwa bosi.

"Namba ya fundi ninayo, mzee," alisema kwa heshima zote. "Ila nikikupa hivi hivi, si tutakuwa tumewaruka wakubwa?"

Kabla hajajibiwa, hodi ikapigwa. Wageni waliingia wakiwa wamenyanyua nguo zao juu ya maji. Baba wa mchumba alichungulia jikoni, akavua koti.

"Samahani, mkwe mwenzangu, hatujawahi kuonana. Mimi ndiye fundi wa zamu hapo kwako kazini. Nimepata nafasi ya kuja kwa sababu simu haijalia wiki nzima."

Akakunja mikono ya shati, kisha akasita.

"Nianze tu, au nipitie kwanza kwa mkuu wa kitengo?"