Kitambaa cha Boski

Jumanne, 10 Juni 2025
Jumapili akina mama wa kanisa letu hapa Kinoru tunachagua mwenyekiti. Kiti ni changu, nimekiombea. Shida ni Kananu. Kila wiki anampelekea Pasta Njeru chapati laini. Zangu hata mume wangu Thuranira huzilowesha kwanza kwa chai.

Lakini leo nimegundua! Pasta anampenda mbwa wake Boski kuliko chapati. Juzi Boski alidungwa na mwiba, kikao cha wazee kikaahirishwa. Basi nitapitia kwa mbwa. Nitakuwa na sanduku la huduma ya kwanza ya mbwa. Nani mwingine analo Kinoru nzima? Hakuna!

Jumatano, 11 Juni
Nimeenda kwa Mugendi wa duka la dawa za mifugo. Akauliza ni mbwa gani ameumia. Nikamwambia bado. Akaniangalia sana. Ameniuzia bendeji mbili, pamba, glavu na kibano cha miiba. Nikataka kuongeza vidonge vyangu vya mgongo. Akapiga kelele, "Mama Carol, hivyo vitaua mbwa!" Nimevitoa. Eti mbwa aliyeumia afungwe mdomo kwanza, hata awe rafiki, ila kama anatapika au anahema vibaya. Nimeandika yote nyuma ya daftari la kwaya. Vitu vimeingia kwenye ndoo ya mafuta ya kupikia. Msalaba mwekundu nimeuchora kwa rangi ya kucha ya binti yangu. Inapendeza aki!

Alhamisi, 12 Juni
Mazoezi na Tiger wetu. Huyu ni mbwa wa mnyororo na ugali. Kuona napapasa mguu wake kwa upole, akadhani anauzwa. Akalia! Nikamfunga bendeji vizuri, vidole viwili vinapita ndani, kama alivyosema Mugendi. Nikaingia ndani kuchukua simu nimpige picha. Kurudi, bendeji zote mbili zimetafunwa. Thuranira amesema tangu tuoane hajawahi kufungwa hata kidole. Wivu!

Ijumaa, 13 Juni
Nimepita lango la pasta mara tatu na ndoo yangu. Boski mzima, anakimbiza kuku. Nimemwomba Bwana mwiba mmoja tu, mdogo. Halafu nikatubu. Halafu nikapita mara ya nne.

Jumamosi, 14 Juni
Boski amekatwa sikio na mabati! Asante Ye... nimetubu tena. Nimefika mbio. Damu! Akitingisha kichwa, ukuta unakuwa mwekundu. Nikamfunga mdomo kwa tai ya Thuranira niliyoinyakua nyumbani. Nikafungua ndoo. Bendeji hakuna. Tiger! Pasta analia, "Mama Carol, fanya kitu!" Mkobani nilikuwa na kitambaa changu cha kichwa cha chama cha akina mama, cheupe, nimekipiga pasi kwa ajili ya kesho. Nikaweka pamba, nikalaza sikio juu ya kichwa, nikazungusha kitambaa, fundo chini ya kidevu. Damu ikakatika! Tai nikaifungua. Daktari wa mifugo alikuwa mbali huko Kiambere anachanja mbuzi. Akasema kwa simu nimefanya vizuri, kisifunguliwe mpaka aje kesho jioni.

Kesho jioni?

Jumapili, 15 Juni
Kwetu kitambaa hakivaliwi hivi hivi. Unasoma mwaka mzima, unawekewa mikono. Na bila kitambaa huwezi kuketi na chama wala kupiga kura. Nimeketi nyuma na wageni.

Leo ilikuwa siku ya wanachama wapya, Nelius na wenzake wawili, kuvalishwa vitambaa. Wamepiga magoti. Pasta ameinua mikono. Nani huyo mlangoni? Boski! Kitambaa kidevuni, mama mcha Mungu kabisa. Akapita katikati polepole, akajilaza kando ya Nelius, akainamisha kichwa. Kananu akauliza kwa sauti, "Na huyu amesoma lini?" Kanisa lote likaangua kicheko. Pasta alicheka mpaka akashika mimbari. Kisha akasimulia nilivyomwokoa Boski. Makofi! Vigelegele! Nimelia kwa furaha.

Halafu kura. Vitambaa vyote vimemchagua Kananu, isipokuwa kimoja. Boski alikuwa amelala.

Jumatatu, 16 Juni
Nimesali, Bwana amenionyesha kosa langu. Bendeji mbili ni chache. Mwaka ujao tunachagua tena, na Kananu ana ng'ombe anayempenda kama mtoto. Basi nitapitia kwa ng'ombe. Asubuhi nimerudi kwa Mugendi na pipa.

Akauliza ni ng'ombe gani ameumia. Nikamwambia bado.