Nilivyombeba Mama Akinyi kwa Baiskeli

Leo nimeaibika mpaka aibu yenyewe imechoka. Nawaandikia mwenyewe, jamaa zangu wa steji ya boda boda ya Migori, kabla hamjasikia kwa mdomo wa mtu mwingine na kuongezewa chumvi. (Chumvi iliyopo inatosha.) Barua hii atawaletea dereva wa gari la asubuhi. Mimi bado niko Homa Bay, nimekaa kwa binamu yangu Owino, nimevaa suruali yake.

Mnajua nilikuja kwa mbio za baiskeli za kazi. Mnajua pia jinsi mwaka jana watu walivyotuchezea. Baiskeli za boda boda zilikuja bila keria, bila madigadi, hata kengele hakuna, mpaka unajiuliza abiria hubebwa kichwani ama vipi. Basi mwaka huu kamati ikabadilisha sheria. Keria na mto wake lazima viwepo. Gia ya nyuma isipungue meno kumi na nane. Kila baiskeli ibebe abiria wa kilo sitini kwenda juu, na abiria akikanyaga chini kabla ya mstari wa mwisho, nyinyi wawili mmetoka.

Ile karatasi niliisoma mara tatu. Kifuniko cha cheni hakikutajwa. Mwita, wewe ndiye uliyeniambia, "Kivue hicho, ni chuma cha kubeba bure." Nikakivua, nikakiacha chini ya kitanda, nikajiona fundi. Nikamchukua Owino awe abiria wangu. Owino ni kilo sitini kamili, akiwa ameshiba.

Kufika uwanjani, mwenyekiti wa kamati akatangaza sheria ya mwisho. Abiria ni kwa kura! Eti wengine wamekuja na abiria wembamba waliojaza mawe mfukoni. (Owino akaanza kutoa mawe, polepole.)

Abiria wa kura walikuwa watu wa sokoni waliojiandikisha wenyewe, wengi kuliko baiskeli, kwa sababu ya zawadi. Mshindi angepata tairi mbili mpya, na abiria wake sufuria kubwa, ile ya kupikia harusi nzima.

Nikatia mkono kwenye kofia. Nambari saba.

"Nambari saba apande mizani!"

Akapanda mama mmoja muuza samaki wa mbuta, mwili wa heshima. Ilikuwa mizani ileile ya kupimia samaki. Mshale ukakimbia mpaka tisini na mbili. Watu wakapiga makofi, na mimi nikacheka nao. Kisha mama akageuka.

Alikuwa Mama Akinyi.

Ndiyo, Akinyi wangu. Yule ambaye Jumapili ijayo nyinyi wenyewe mnanisindikiza kwao, na wazee, kwa mara ya kwanza. Mama yake hajawahi kuniona. Mimi namjua kwa picha ambayo Akinyi huiweka ndani ya Biblia. Na mnajua kwetu mambo ya maro yalivyo. Mama mkwe humpi hata mkono. Huli naye meza moja. Ukikutana naye njiani unapisha kando na macho chini. Sasa nimweke kwa keria, bega lake ligonge mgongo wangu, mbele ya soko zima? Akijua ni mimi, Jumapili hakuna. Wazee wangu watarudishwa langoni, na Akinyi ndiyo basi. Niliogopa, jamani.

Nikamwendea mwenyekiti. "Mzee, naomba nibadilishiwe abiria."

"Kwani ako na shida gani? Ni mzito?"

Nikamtazama mama. Mama alikuwa anatazama ziwa.

"Hapana, mzee."

"Basi omera, panda ama urudi Migori. Sheria ni sheria."

Nikavuta kofia mpaka puani. Mama naye akajifunika leso mpaka kwenye nyusi, akakaa upande, uso kauelekeza kwingine kabisa. Nikafikiri anaogopa mwendo. Nikamshukuru Mungu kwa kuumba waoga.

Filimbi ikalia. Baiskeli sita, mizunguko mitano, uwanja ni vumbi tupu na kona zote ni za kushoto. Kwenye kona unaburuta mguu wa kushoto, gurudumu la nyuma linateleza, unaomba. Mzunguko wa kwanza tulikuwa wa mwisho.

"Kijana," sauti ikatoka nyuma, "wewe unaendesha ama unachunga ng'ombe?"

"Naendesha, mama," nikajibu kwa sauti nyembamba ya kuigiza. (Ilitoka kama ya kuku.)

"Basi ongeza! Niko na wageni Jumapili! Hiyo sufuria naitaka!"

Wageni! Wageni ni sisi! Nilikuwa nakanyaga pedeli kutafuta sufuria ya kupikiwa mimi mwenyewe.

Na huyo mama hakuwa mwoga hata kidogo. Amepanda baiskeli na vikapu vya samaki miaka mingi, anajua kazi. Kona ikifika, anaegemea ndani kabla sijamwambia. Kilo tisini na mbili zikiegemea vizuri, baiskeli inashika ardhi vizuri sana. Tukampita mmoja. Tukampita wa pili. Mzunguko wa nne tukampita wa tatu, na wa nne alianguka mwenyewe na abiria wake. Nikasahau sauti ya kuku. Nikawa napiga kelele na sauti yangu halisi, "Egemea, mama! Egemea!" Naye anajibu, "Nimeegemea! Kanyaga!"

Mbele yetu amebaki mmoja. Kona ya mwisho. Na hapo, Mwita, ile cheni yako isiyo na kifuniko ikaiuma suruali yangu mguu wa kulia.

Krrrrrr! Ikapasuka kutoka chini mpaka kiunoni. Baiskeli ikasimama. Nikaizuia kwa mguu wa kushoto isianguke.

"Miguu juu, mama!"

"Iko juu!"

Nikavuta. Suruali ikakataa. Nikavuta tena kwa nguvu zote, nikatoka mimi, mguu wa suruali ukabaki kwa cheni. Sasa niwaambie ukweli wote. Kaptura yangu ya ndani nilishonewa na fundi kwa kitambaa kilichobaki mama yangu aliposhona mapazia. Ni nyeupe, ina maua makubwa ya njano.

Kipaza sauti kikasema, "Yawa! Nambari saba amefungua dirisha!"

Nilitaka kufa. Nawaambia bila mzaha, nilitafuta shimo. Maua ya njano, mbele ya maro!

Lakini mama hakugeuka. Hata shingo haikusogea. Mkono wake tu ndio ulionijia, umeshika ile leso yake.

"Jifunge, kijana. Halafu sukuma. Hiyo karatasi yao imesema mimi nisikanyage chini. Haijasema wewe lazima upande."

Kumbe naye aliisoma. Nikajifunga leso, nikasukuma. Nikakimbia nayo mwanamume mzima, mama amekaa juu ametulia, anapungia watu mkono. Tukamaliza wa pili, maana tuliowapita tulikuwa tumewaacha mbali.

Kisha wakageuza baiskeli ya wa kwanza, wakahesabu meno ya gia. Kumi na sita! Ametoka! Nambari saba ndio washindi!

Mngedhani nilifurahi. Mwenyekiti akataka tupeane mikono kwa picha, na hapo ndipo jasho lilipoanza upya. Lakini mama aliichukua sufuria akaikumbatia kwa mikono yote miwili, na mkono wa kunipa haukuwepo. Picha ikapigwa hivyo. Akaondoka. Aliponipita, alisimama kidogo, akaongea huku anatazama ndani ya sufuria.

"Hiyo leso mpatie Akinyi, ataniletea."

Jamani. Jina la Akinyi sikuwa nimelitaja popote.

"Mimi leo sijakuona," akasema. "Nitakuona Jumapili." Akapiga hatua mbili, akasimama tena. "Na uvae suruali mbili."

Nilikaa chini kwenye nyasi nikacheka mpaka machozi. Sijawahi kujihisi mwepesi hivyo, hata nilipokuwa mtoto. Alijua tangu kwenye mizani! (Inaonekana Akinyi naye alishamwonyesha picha yangu.) Kumbe ile leso kwenye nyusi ilikuwa heshima, na mimi nikaiita woga.

Kwa hiyo safari ya Jumapili iko palepale. Mwita, njoo na kifuniko changu cha cheni. Na nyinyi wote nawasihi, mkifika kwa kina Akinyi mkaona sufuria kubwa mpya inachemka uani, ulizeni habari za mvua. Mtu asicheke.