Malalamiko Dhidi ya Dada Yako Kuhusu Boila

Erzurum, mwezi wa Januari

Mheshimiwa Shemeji Seyfullah,

Salamu nyingi kwako na kwa wote waliomo nyumbani mwako, akiwamo huyo ninayemshtaki. Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiye kaka mkubwa wa mke wangu Nezahat, naye amekimbilia kwako baada ya kugombana nami juu ya boila, ile mashine ya kuchemsha maji ya kupasha nyumba joto, na simu zangu hapokei. Naomba umwamuru arudi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Dada yako aliidharau boila yangu mbele ya watu. Fundi Zülküf alipima nyumba akasema vyumba vyetu vitatu vinatosheka na boila ndogo. Mimi, Shemeji, nimeuza makoti katika mji huu maisha yangu yote. Nani atanifundisha baridi? Nikanunua kubwa kuliko zote dukani. Zülküf akashika kiuno: "Bwana Bahattin, hii ya hoteli! Unapasha nyumba au unapasha mtaa?" Nezahat alicheka mpaka akakaa chini. Ni kweli kwamba inawaka, inazima, na kabla hujamaliza kupiga chafya imewaka tena. Lakini kicheko kile kilikuwa cha lazima?

2. Pampu ya kusukuma maji ya moto kwenye radieta, yale mabati ya ukutani yanayotoa joto vyumbani, nilichagua yenye nguvu, nikaiweka kasi ya juu kabisa, kwa hoja kwamba maji yakikimbia, joto nalo litakimbia. Mabomba yakaanza kupiga mluzi. Nilimweleza dada yako kwa upole kwamba huo ni mluzi wa afya. Akanijibu, "Basi lala na huyo anayekupigia mluzi," akahamishia mto wake sebuleni.

3. Baada ya vikubwa viwili niliona busara kusawazisha kwa kidogo kimoja. Kile kitangi chekundu kinachopokea maji yanapotanuka kwa moto, nilichukua kidogo kuliko vyote. Kilipendeza. Sasa maji yakipata moto hayana pa kwenda, vali ya usalama inayatema sakafuni, nami nakinga ndoo. Naongeza maji mapya, yanaingia na hewa yake, na radieta zinanguruma kama tumbo la mtu aliyeshiba maharage. Siku jirani yetu Mükerrem alipokuja kutuamkia, mngurumo ulipotoka alinitazama mimi. Dada yako, badala ya kunitetea kikamilifu, akasema, "Ni radieta, shoga. Safari hii ni radieta."

4. Hili ndilo lililovunja nyumba. Kile kifaa cha ukutani kinachopima joto na kuiamuru boila iwake au izime, nilisisitiza kifungwe jikoni, juu ya samawari. Nezahat huchemsha chai tangu anapoamka. Kifaa kikaamini nyumba nzima iko kiangazi, kikazima boila, huku chumbani tunatoa mvuke mdomoni. Kukihamisha kungetaka Zülküf aitwe tena, na heshima yangu haikuniruhusu. Kwa hiyo nilimwomba dada yako, kistaarabu kabisa, aache kupika chai hadi theluji iyeyuke.

"Bahattin, umesemaje?" akaniuliza.

Nikarudia. Nilidhani hakusikia.

Mwanamke huyu, Shemeji, humwekea mgeni kipande cha sukari ya chai mkononi kabla ya kumuuliza jina. Alibeba samawari, sukari, na koti ambalo nilimpa mimi, akaondoka bila kufunga mlango. Joto lote likatoka.

5. Naongeza lalamiko la kuondoka kwenyewe. Jikoni sasa hakuna chai, kwa hiyo kile kifaa kimeacha kudanganyika, boila inawaka inavyotakiwa, na chumbani kuna joto safi. Alichagua kunipa joto kwa kuondoka! Nakaa katikati ya joto hilo na glasi moja mezani. Pampu inapiga mluzi na hakuna wa kunitukana.

Kwa hayo yote, naomba dada yako arudi mara moja, aitake radhi boila, na airudishe samawari kwa sharti kwamba isiwashwe.

Nisalimie mama, watoto, na majirani wote wa ngazi yenu.

Ni mimi shemeji yako mnyenyekevu na mwonewa,
Bahattin Karakoyun

Tanbihi: Usimwamuru chochote. Nimempigia Zülküf, naye amekuja anacheka tangu ngazini. Nimempa ufunguo na ruhusa ya kung'oa kila nilichokichagua. Mpaka amalize naomba mahali pa kulala kwenu, hata pale mnapovulia viatu. Posta itachelewa, kwa hiyo naileta barua hii kwa mkono wangu. Nezahat akiuliza nimefuata nini, mwambie nimeleta barua.