Kifungu cha Saba na Wajumbe Walionyamaza

Mimi ndiye niliyeikomesha barua pepe ya uongo duniani. Niliamini hivyo kwa wiki tatu, na wala si mtu wa kujisifu; kazi hiyo huwaachia wengine, wakichelewa nawakumbusha.

Nilikuwa mjumbe wa kamati iliyoandika kanuni za kumtambua mtumaji wa barua pepe. Tatizo lenyewe ni jepesi kulieleza: mtu yeyote anaweza kujiita benki yako, akakuandikia, na barua ikafika. Dawa tuliyokubaliana ni mhuri. Seva ya mtumaji huitia barua mhuri wa siri. Ikibadilishwa njiani hata nukta, mhuri unavunjika. Tulichobishania ni hukumu. Barua yenye mhuri uliovunjika ifanywe nini?

Wenzangu walitaka iwekwe pembeni ichunguzwe. Mimi niliandika kifungu cha saba, neno moja tu: ikataliwe. Kura ilipangwa mwisho wa mwezi, nami nilikitaka kifungu kile kipite kama mzazi anavyotaka kifungua mimba wake afaulu mtihani.

Ili niwe mfano, niliiagiza seva yangu iziambie seva nyingine zote kwamba barua yoyote yenye jina langu na mhuri mbovu itupwe mlangoni. Kisha nikaiandikia kamati barua kumi na moja za hoja. Moja ilikuwa na tanbihi thelathini.

Hakuna aliyejibu.

"Wamekujibu?" mke wangu aliuliza huku akikunja nguo.

"Watajibu nini? Hoja ikiwa nzito, watu hunyamaza."

"Mimi pia hunyamaza ukiongea, baba. Usidhani ni hoja."

Siku ya kikao niliingia ukumbini kwa mwendo wa bwana harusi. Mwenyekiti, mama mtulivu asiyewahi kupandisha sauti, alinitazama juu ya miwani.

"Afadhali umekuja, ndugu yangu. Tulidhani unaumwa. Wiki tatu kimya."

"Kimya? Mama Mwenyekiti, nimeandika barua kumi na moja."

"Kwa nani?"

Fundi wa seva ya kamati akakohoa. Huyu hasemi mpaka awe na ushahidi, na siku hiyo alikuwa na kurasa sita.

"Barua zako zilipitia anwani ya kundi," alisema. "Mashine ya kundi huzigawa kwa wajumbe, na kila barua huiongezea mstari chini: ukitaka kujitoa, bonyeza hapa."

Nikalegeza tai.

"Mstari mmoja tu, mhuri ukavunjika. Seva za wajumbe zikaiuliza yako zifanyeje. Ikajibu zikatae. Zikakataa."

"Zote?"

"Hii ni kamati ya kanuni, kaka. Hapa kila mtu anatii."

Ingeishia hapo ningekunywa maji nikakaa. Lakini fundi alifunua ukurasa wa pili. Mashine ya kundi, kwa kuona barua zinarudi kila mara, iliamua kwamba wajumbe wamehama anwani, ikawafuta. Mwenyekiti mwenyewe alipoomba kurudishwa, aliambiwa asubiri idhini ya mwenyekiti.

"Nimesubiri siku tisa," alisema mama yule, bila hasira, jambo lililoniumiza zaidi.

Nilijitetea. Nikasema kanuni haina kosa, kosa ni la ule mstari wa chini, na aliyeubuni aulizwe.

Fundi akafunua ukurasa wa tatu. "Kumbukumbu za kikao cha pili. Mstari huo uliuomba wewe. Ulisema kundi lisilo na mlango wa kutokea ni jela."

Mwenyekiti akafungua daftari lake. "Sawa. Sasa kifungu cha saba. Kabla ya kura nina swali moja kwa mwenye kifungu. Kikipita, utatushukuru kwa njia gani?"

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu.

"Wanaopinga?"

Nikanyoosha mkono. Na ili isije ikasemwa kwamba sijui kuongoza, niliunyoosha kabla ya wote.