Bakuli la Kioo la Mchungaji Wamalwa

Jumatatu, 7 Machi 1983, Huruma
Mkutano wa kanisa. Mchungaji Wamalwa anahamishwa, kamati inatafuta zawadi ya kumuaga. Jirani yangu Mulwa, mchongaji, akasema atachonga kifimbo. Nikasimama kabla sijafikiri. Nikasema nitatengeneza bakuli la kioo lenye umbo la samaki. Makofi! Kioo sijawahi kukiyeyusha. Lakini nafasi ya mzee wa kanisa iko wazi.

Jumanne, 8 Machi
Gachanja, anayechoma majiko ya udongo nyuma ya ploti yetu, amekubali nitumie tanuri lake. Akanieleza: chupa ziwe za aina moja, kalibu, chombo cha kukipa kioo umbo, ipakwe uji wa udongo ili kioo kisishike, tanuri lisifunguliwe siku mbili. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa natunga hotuba.

Jumatano, 9 Machi
Kalibu imepatikana. Mulwa ana bakuli la mti lenye umbo la samaki mwenye magamba. Nikamwomba nilipeleke kwangu nilitazame vizuri. Nikalijaza vipande vya chupa, kijani na kahawia, pamoja na chimni ya taa yetu. Nikalisukuma tanurini. Jioni Gachanja akachungulia, akanigeukia.
"Makau, umeweka mti ndani ya moto?"
Bakuli ni jivu. Kioo kimegandamana na majiko yake matano.

Alhamisi, 10 Machi
Mulwa kaja kuulizia bakuli lake. Nikasema bado nalitazama. Mke wangu Nthoki, asiyejua lolote, akasema bakuli kama hilo halijaingia nyumbani kwetu. Mulwa akaondoka bila kuaga. Nthoki naye hanisemeshi.

Ijumaa, 11 Machi
Kalibu ya udongo safari hii, chupa zilezile mchanganyiko. Nilichoma asubuhi, saa kumi sikuweza kungoja. Nikafungua. Kizima, kinameta! Nikaita ploti nzima waje waone. Mbele ya watu kumi na mmoja kikalia ta, kikapasuka. Mulwa alikuwa wa mbele. Koleo lilikuwa bado mkononi mwangu.

Jumamosi, 12 Machi
Nimekiri kwa Mulwa. Nilitegemea ngumi. Mulwa akaketi juu ya ndoo. Kisha akasema lile bakuli alimchongea binti yake Kavata, anayeolewa Agosti.
"Ungeniambia unataka kalibu," akasema, "ningekutengenezea."
Heri angenipiga. Akachukua udongo wa Gachanja, akaanza kufinyanga samaki. Nthoki akachagua chupa za kijani pekee, akaziosha. Mimi niliambiwa nikae mbali na tanuri.

Jumanne, 15 Machi
Wamefungua leo. Samaki wa kijani, mzima, magamba yote yanaonekana. Nilishtuka hadi machozi. Nthoki akanipa nimshike, kwa mikono miwili, nikiwa nimeketi chini.

Jumapili, 20 Machi
Mchungaji aliliinua bakuli kwenye mwanga, akashindwa kuhubiri. Mzee mpya wa kanisa ametangazwa: Nthoki. Nilipiga makofi kwa kuchelewa. Yeye na Mulwa wanamchomea Kavata lake wiki hii.

Jumatatu, 21 Machi
Nimefunzwa mengi: kusikiliza, kungoja, kuomba kabla ya kuchukua. Mchana nilipita Kiamaiko, nikakutana na Njogu, muuza mbuzi, anayetaka kitu cha kupamba duka lake. Nimemwahidi mbuzi wa kioo, ukubwa kamili, kufikia Jumamosi. Tanuri la Gachanja linatosha majiko sita tu. Njogu sijamwambia. Mbuzi atachomwa akiwa amekunja miguu.